Masaibu ya Minara ya Trona

Minara ya Trona ni nguzo za mawe zaidi ya 500 zilizosimama katika uwanda wa Ziwa Searles, ziwa lililokauka katika jangwa la California, Marekani. Iliyo mirefu hufikia mita 43 hivi. Mawe hayo, yaitwayo tufa, yalijengeka chini ya maji kati ya miaka 100,000 na 10,000 iliyopita: chemchemi zenye kalsiamu zilipenya sakafu ya ziwa, zikakutana na maji ya magadi, chokaa ikajipanga tabaka juu ya tabaka. Kisha ziwa likakauka, minara ikabaki uchi. Maji yalikwenda zake, lakini karibu kila balaa linalompata mgeni huko hutokana nayo, ama yamekosekana, ama yamezidi.

Kutoka Los Angeles ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Mahali pa mwisho pa kununua vitu bila majuto ni mji wa Ridgecrest. Abiria akiulizwa hapo kama ana haja yoyote hujibu hapana. Haja humjia kilomita ishirini mbele, pasipo na kichaka hata kimoja. Maji nayo hununuliwa kidogo, kwa kuwa ndani ya gari lenye kiyoyozi jangwa huonekana lina adabu. Kumbe kiangazi joto hupita nyuzi 40, na penye minara hakuna bomba wala duka. Kivuli kipo, cha minara yenyewe, ila hakitulii: jua likisogea nacho kinahama, na wageni wanakifuata wakiburura viti.

Ukiacha barabara kuu namba 178, zinabaki kilomita 8 hivi za vumbi. Magurudumu yameichonga njia hiyo vijituta vya kukingama, vinavyofanya kila kilichomo garini kijitangaze: jeki, sufuria, meno ya bandia ya mjomba. Anayekwenda polepole hukihesabu kila kituta kwa mgongo. Anayekwenda kasi huviruka vyote mpaka apate pancha, ndipo igundulike kwamba tairi la akiba liko chini ya mizigo yote, na kwamba mafundi wote waliomo garini ni wa mdomo.

Mvua ni nadra, na ikinyesha ni balaa zaidi. Udongo wa ziwa hukumbuka kazi yake ya zamani na kuwa tope, njia ikawa haipitiki. Dereva mwenye gari la kuvuta magurudumu yote manne huona onyo hilo limeandikiwa wengine. Anakwama, anakanyaga mafuta, gari linazama. Anakanyaga tena, linazama zaidi. Buti limejaa madumu ya maji, maana safari hii mkewe alisisitiza wasije wakafa kwa kiu.

Waliofika salama hutaka picha. Sehemu ya filamu ya Star Trek V (1989) ilipigwa hapa, minara ikaigiza sayari ya mbali, basi kila mgeni hutamani kuonekana yuko huko. Tatizo ni urefu: mnara ukiingia wote, mume anakuwa kitone, mume akionekana vizuri, mnara hauna kichwa. Mke akiulizwa huchagua ile ya kitone.

Kupiga kambi ni bure. Hema linalosimikwa mchana, hewa ikiwa shwari, usiku hugeuka tanga, na wenyewe hulifukuzia gizani wakiwa na tochi moja na lawama nyingi.

Wakati wa kurudi gari la kukodi huoshwa Ridgecrest, kwani mikataba mingi hukataza barabara zisizo na lami. Bodi hung'aa, mazulia hupigwa-pigwa, hata namba ya gari husuguliwa. Karani huzunguka gari lote, huridhika, hutoa kalamu atie sahihi, kisha hufungua buti.