Usiku Hopa Ilipotema Rangi Jikoni

Binti yetu kifungua mimba alipoanza kucheza peintiboli, nyumba nzima ilianza naye. Hapa Columbus, Ohio, vijana hujifunika uso kwa barakoa ngumu, hujibanza nyuma ya maboya makubwa yaliyojazwa upepo, kisha hulengana kwa vidonge vya rangi. Baba yake akawa dereva wa Jumamosi, mimi nikawa mfuaji, na mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, akawa mtu wa kuhakikisha mtoto hatoki bila kula. Simba, mbwa wetu, alikuwa akivinusa viatu vyenye rangi kila viliporudi, nami nikaanza kuviacha gereji.

Mchezo huu waliuanzisha watu wazima. Tarehe 27 Juni 1981, watu 12 waliingia msituni huko Henniker, New Hampshire, wakiwa na bastola zilizoundwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Bastola hizo zilifyatua kidonge kimoja, kisha mtu akasogeza kingine kwa mkono. Leo bunduki nyingi zinatumia umeme, na juu yake hukaa hopa, chombo kinachobeba vidonge kama 200 na kuvishusha kwenye chumba cha bunduki.

Hopa ya binti yetu ilinunuliwa mkononi kwa mchezaji aliyeacha, na ilikuwa inamuumiza.

"Mama, nikifyatua inatoa vitatu vinne, inasita, halafu inatoa tena. Wakinikuta kwenye kusita kule, nimekwisha."

Wenzake walimwambia dawa ni moja: aongeze umeme kwenye mota. Kazi hiyo ikamwangukia kaka yangu, aliyekuwa fundi redio kabla ya kuhamia Marekani. Alifika Ijumaa jioni, akaitikia shikamoo za watoto, akamsalimu Bibi kwa heshima zote, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshaifungua hopa juu ya meza ya jikoni.

Alituita tuone. Ndani kuna sahani yenye mbawa inayozungushwa na mota, na mbawa hizo husukuma vidonge kuelekea shingoni. Springi huubana msururu ili kidonge kinachofuata kiwe tayari. Shingoni kuna jicho la mwanga usioonekana: likiona vidonge vimejaa na kutulia, huizima mota, likiona pengo, huiwasha. Kwa kifaa kidogo hivyo, ni ufundi wa kupendeza, na nilifurahi kumwona binti yangu akiuelewa kwa mikono yake mwenyewe.

Mjomba akampigia hesabu. Kidonge kina upana wa milimita 17 hivi. Kikiachwa kianguke chenyewe umbali huo, kinachukua karibu sehemu 6 za mia za sekunde. Bunduki inayopiga mara 10 kwa sekunde inakipa kila kidonge sehemu 10 za mia tu, na humo humo komeo la bunduki linataka muda wa kwenda na kurudi. Vidonge vikibanana kidogo shingoni, uzito wake peke yake hautoshi. Ndiyo maana hopa husukuma.

"Basi Mjomba, tukisukuma zaidi hakutakuwa na kusita?"

"Ndivyo inavyoonekana, mwanangu."

Hopa ilitumia betri 6 ndogo za volti 1.5, jumla volti 9. Mjomba aliziondoa, akaunganisha betri ya lithiamu ya seli 3, ambayo ikijaa hutoa volti 12.6. Mota ingezunguka haraka zaidi kwa kama asilimia 40. Springi nayo akaikaza. Bunduki yenyewe ilikuwa gereji, kwa sababu nilishaweka sheria kwamba haivuki mlango. Kwa hiyo hopa ilijazwa na kuwashwa ikiwa mezani, shingo ikiwa wazi.

Jicho likaona pengo, likaiwasha mota. Pengo halikuzibwa, na mota haikuzimika. Vidonge vikaruka kama bisi, vikagonga kabati, vikagonga friji, vikaviringika hadi chini ya jiko. Vilivyobanwa ndani vikapasuka, rangi ya njano ikachuruzika mezani. Mjomba aliinyakua hopa kutafuta swichi, shingo ikamgeukia Bibi aliyekuwa akipepeta mchele.

"Wee! Mchele wa watu!" Bibi akaufunika ungo kwa khanga.

Mume wangu alikuja mbio kutoka sebuleni, akakanyaga vidonge, akaketi sakafuni bila kupenda. Binti ndiye aliyechomoa waya wa betri. Hapo ndipo tulipomsikia Simba chini ya meza, akitafuna.

"Baba, washa gari!" binti alisema. "Mbwa hatakiwi kula hivi vitu!"

Alikuwa sahihi, na kila mwenye mbwa na mchezaji nyumbani anapaswa kulijua hili. Ganda la kidonge ni jelatini, kama la vidonge laini vya dawa. Ndani mna rangi pamoja na polyethilini glaikoli. Ikimrukia mtu hutoka kwa maji. Mbwa akiila, glaikoli hiyo huyavuta maji ya mwili kuyaingiza utumboni, chumvi ikazidi katika damu. Mnyama hutapika, huyumba, hutetemeka, na anaweza kufa. Hospitali ya wanyama ilituambia tumlete mara moja. Simba alilala huko akiongezewa maji na kupimwa damu, na kesho yake alirudi mzima. Bili yake ilizidi bei ya hopa na bunduki kwa pamoja.

Bibi nami tulipiga deki hadi usiku, maana glaikoli huteleza hata baada ya rangi kutoka. Mjomba hakuondoka. Alikaa na mita yake, akaanza na swali ambalo hakuna aliyeliuliza uwanjani: ni sehemu gani hasa inayochelewa?

Alizipima betri za zamani. Zikiwa zimetulia zilisoma karibu volti 9. Mota ilipozivuta, zilishuka chini ya 6. Akalimulika jicho la shingoni: utando wa rangi kavu ulikuwa umelifunika nusu, likawa linachelewa kuliona pengo. Akavipima vidonge. Vilikuwa vimehifadhiwa chumba cha chini penye unyevu, navyo vilikuwa vimevimba na kupoteza uduara wake. Sababu zote tatu zilikuwa hapo, na hakuna hata moja iliyohitaji zaidi ya volti 9. Mota ilirudishiwa waya wake, springi ikalegezwa, betri mpya zikawekwa, jicho likafutwa kwa pamba na spiriti, vidonge vikanunuliwa vipya. Uwanjani bunduki haikusita tena.

Kuharakisha hopa kuna faida moja ya kweli: kidonge kifike kabla komeo halijafunga. Kikishafika kwa wakati, nguvu inayozidi hapo haina kazi. Ligi ya peintiboli ya NXL inaruhusu karibu vidonge 10 kwa sekunde, na viwanja vingi vina vikomo vyao; bunduki inayopokea 10 haifaidiki na hopa ya 30. Wala hopa haiongezi mwendo wa kidonge hewani, ambao kikomo chake cha kawaida ni futi 300 kwa sekunde, kama mita 91, na hupimwa kwa mashine kabla ya mchezo.

Hasara ni nyingi. Msururu unaosukumwa kupita kiasi hukiponda kidonge laini, rangi ikamwagika chumbani, na vinavyofuata vikapinda njiani. Mota iliyokwama kwenye volti 12.6 hutoa joto karibu mara mbili ya ile ya volti 9, na bodi haikuundwa kulistahimili. Betri ya lithiamu ikitobolewa au nyaya zake zikigusana inaweza kuwaka moto, nayo hukaa ndani ya chombo kinachopigwa risasi karibu na uso wa mtoto.

Yapo mabadiliko ninayoyaunga mkono: kifuniko cha vidole laini kinachoruhusu kujaza haraka, gurudumu la kulegeza msururu kwa mkono, bodi iliyotengenezwa kwa hopa hiyo hiyo na kwa volti zake. Yote huweza kuondolewa bila kuharibu kitu.

Sikumkataza binti kufungua vifaa vyake. Nataka afungue vingi zaidi, na ajue kwamba nguvu haijibu swali la kwa nini kitu kinachelewa. Sasa wenzake humletea hopa zao, naye huanza na mita. Simba hufungiwa chumba kingine, vidonge hutolewa vyote, mkono huwa karibu na swichi, ndipo betri inapounganishwa.