Sifa za Mashine ya Fotokopi

Wapo waliotungiwa tenzi kwa kushinda vita, na wapo waliosifiwa kwa kumiliki ng'ombe tu. Mashine ya fotokopi ya steshenari iliyo nje ya lango la chuo chetu cha Dar es Salaam, iliyotumikia elimu kuliko maprofesa kadhaa, haijapata hata ubeti mmoja. Namwaga sifa zake leo, tona ikiwa bado vidoleni.

Nasaba yake ni tukufu. Chester Carlson, mtumishi wa idara ya hataza katika kampuni moja ya New York, alichoka kunakili nyaraka kwa mkono, na tarehe 22 Oktoba 1938, mtaani Astoria, akapata nakala ya kwanza. Mwaka 1959 Xerox wakazindua modeli ya 914, ikiambatana na kizimamoto kidogo, maana karatasi ziliweza kuwaka tumboni mwake. Ya kwetu haina kizimamoto. Ina feni, nayo imeelekezwa kwa mwenye duka.

Ni karimu: ukiomba kurasa mbili inakupa tatu, na zote unalipia. Haina upendeleo, mstari wake mweusi hupita juu ya kazi ya daraja la kwanza na ya mtu wa sapu vilevile.

Lakini fadhila iliyo juu ya zote ni kwamba inasoma. Watu huita kukwama kwa karatasi. Mimi naita tafakuri. Ripoti yangu ya utafiti ilipoingia, ikapita shukrani bila neno, ikapita utangulizi, ikafika sura ya tatu, ikasimama. Ikanguruma. Ikawasha taa nyekundu. Kijana wa dukani akaifungua ubavu, akavuta karatasi iliyokunjamana pale hasa nilipoeleza nilivyoteua sampuli. Ikarudishwa, ikakwama palepale, safari hii kwa hasira. Ilipolifikia jedwali la sura ya nne ikaitafuna safu ya asilimia taratibu, kana kwamba inazijumlisha. Nionyesheni mwingine pale chuoni aliyewahi kuitilia shaka sampuli yangu.

Msimamizi wangu alikaa na rasimu hiyohiyo muhula mzima. Ilirudi na wino mwekundu sehemu moja tu: pambizo ya kushoto iongezwe. Nusu inchi! Kurasa zote zikahama, orodha ya yaliyomo ikaharibika, nikaprinti upya kwa fedha ya vitabu na viandikio iliyomo kwenye mkopo, nitakayoirejesha kwa mshahara ambao sijaupata. Nilimwomba nimtumie kwa barua pepe. Alisema macho yake hayapatani na skrini, na alisema hivyo bila kuyainua kutoka kwenye simu.

Wenzake ndio hao. Kitabu cha kozi maktaba kina nakala moja, nayo imeazimwa, kwa hiyo mhadhiri huacha kompendiamu steshenari. Steshenari fulani, si ya jirani, na sababu hatuulizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 tumeisoma hivyo hivyo, kwenye kopi ya kopi, vifungu vya adhabu vikiwa vimefifia.

Mwishowe idara ilidai nakala nne zenye kava gumu, rangi ya kava itajwayo kwenye mwongozo, na ya tano kwenye CD. Nikapeleka zote. Karani alipokea CD kwa mikono miwili, akanisainisha daftari. Kompyuta yake haina pa kuiingizia.