Mwacheni Fundi wa Gesi

Kuna watu hawana shukrani kabisa. Kiyoyozi cha ukutani kinamulika taa ya hitilafu ya kihisi joto, nao wanataka fundi achomoe kawaya ka kihisi hicho akapime kwa mita! Eti kihisi cha kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 kinajulikana: joto likipanda, ukinzani unashuka. Heshima ya ufundi itabaki wapi? Fundi wetu hana papara hizo. Anatazama, anaguna: "Gesi imeisha, bosi." Ni daktari bingwa anayemwongezea mgonjwa damu kwa kuwa kipimajoto kimevunjika. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hailiki. Yeye, kwa ukarimu, huijaza kila akiitwa. Tafadhali, msimwonyeshe mita. Ana watoto wanasoma.