Wifi, Gari Hatukupewa Bure

Wifi yangu,

Nasikia huko Tanga mmeshatangaza kwamba kaka yako kapewa gari na mfalme wa Uingereza. Wanaomdai wasianze kupiga simu. Hakupewa! Posho yake ya usafiri ya kila wiki inakwenda yote kwa shirika linaloitwa Motability, lipo tangu 1977, nao wanatukodisha gari kwa miaka 5. Bima, matengenezo na matairi ni juu yao. Miaka ikiisha, tunarudisha. Tena gari la kuingia na kiti mwendo mara nyingi unatanguliza fedha ambazo hazirudi, na hizo ndizo zilizokula nauli ya kuja kwenu Idi. Ashukuru kiharusi kilimwahi kabla ya umri wa pensheni. Kingechelewa, posho hiyo asingeiomba tena. Wazee wa hapa, nadhani, hawana pa kwenda.

Kazi ikawa kuchagua. Unamjua kaka yako, dereva wa malori ya Tunduma. Wauzaji wanakuletea gari hadi mlangoni ulijaribu, na kila likija yeye anataka kwanza lifunguliwe boneti. Kijana anaeleza sakafu ilivyokatwa ikashushwa ili kichwa kisigonge dari, yeye anauliza injini. Ikafika zamu ya kupimwa, kutoka chini hadi utosini, mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Kijana katoa futi kamba, kaomba kofia ivuliwe. Thubutu! Kasema apimwe nayo, maana ndivyo atakavyopanda. Kofia ya darizi ikatukosesha gari zuri la bei nafuu.

Lililofuata lilikuwa la rampu ya nyuma. Mtaa wetu hapa Leicester magari yanalala yakikaribia kugusana. Jirani akikuziba nyuma, rampu haina pa kutua na abiria ni mfungwa. La mlango wa ubavuni nalo, rampu ilitua juu ya mapipa ya taka. Tumerudi kwenye la nyuma, na halmashauri tumeiomba ituchoree nafasi ya walemavu mbele ya nyumba.

Mumeo mwambie ahsante kwa wazo la Noah ya Japani yenye lifti. Ya jirani yenu naikumbuka, lifti ile ilivyokuwa ikipandisha magunia ya vitunguu. Huku kiti kinafungwa sakafuni kwa mikanda 4, na mtu mwenyewe ana wake. Vitunguu haviulizwi vimefungwaje.

Zamani serikali ya hapa iliwapa walemavu kigari cha bluu cha matairi 3, Invacar, cha mtu mmoja tu, kisichoruhusiwa kubeba abiria. Kilipigwa marufuku barabarani 2003. Kaka yako aliposikia hakina nafasi ya mke, aliuliza kama hakikubaki hata kimoja.

Basi, usukani ni wangu, yeye yuko nyuma katikati, ananihesabia gia za gari lisilo na gia za mkono. Kiti ni kizito, siwezi kukisukuma rampuni, kwa hiyo kuna winchi ya kukivuta. Ukija Agosti utakaa mbele na mimi, upendavyo. Rimoti ya winchi usiiguse, hiyo ni ya kaka yako. Hata daktari alinyimwa.

Wifi yako,
Mama Zuhura