Mbwa Mwenye Pamba Masikioni

Mfereji wa sikio la mbwa una kona. Kwa binadamu, njia ya kutoka nje hadi kwenye kiwambo cha sikio ni fupi na imenyooka kiasi. Kwa mbwa, njia hiyo huteremka kwanza kufuata taya, kisha hupinda na kuingia ndani, mfano wa herufi L. Mpindo huo hukilinda kiwambo, lakini maji yakishaupita hayana haraka ya kutoka. Hutuama humo katika joto na giza, yakichanganyika na nta. Fangasi aitwaye Malassezia pachydermatis, ambaye kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya mbwa bila kumsumbua mtu, hupata hapo nafasi ya kuzaliana kupita kiasi. Bakteria nao hawabaki nyuma.

Mlango mkuu wa maji hayo ni siku ya kuoga, siku ambayo mbwa huijua kabla mwenye nyumba hajaitangaza. Karai likianza tu kuburutwa kutoka stoo, mbwa aitwaye Simba, ambaye usiku kucha hubwekea pikipiki za watu kwa ushujaa mkubwa, huonekana akijikunja chini ya gari, kwenye ile sehemu ya katikati ambayo mkono haufiki. Anayetumwa kumtoa ni mlinzi au kijana wa nyumbani. Hutoka na mbwa, pamoja na oili ya gari mgongoni.

Kinga ya kwanza ni pamba, nayo huwekwa kabla mbwa hajaguswa na tone la maji, kwa sababu mbwa aliyekwisha kulowa hakubali tena mazungumzo. Ni donge moja kwa kila sikio, kavu, lenye ukubwa wa kuziba mdomo wa sikio na kubaki likionekana. Wabanaji wa matumizi hunyofoa kipande kidogo mno, nacho huteleza kikaenda kukaa mahali ambapo ni daktari mwenye vifaa tu awezaye kukifikia. Wapo wanaopaka donge mafuta ya mgando kwa nje ili maji yateleze. Si vibaya, mradi mafuta yabaki kwenye pamba. Mbwa naye ana lake la kusema: sikio lake lina misuli zaidi ya kumi, na yote huifanyisha kazi kwa pamoja kuitema pamba hiyo. Ikitemwa, irudishwe. Ikiendelea kutemwa, ni afadhali kumwogesha bila pamba na kukiacha kichwa kikavu kuliko kuanzisha mieleka uani.

Maji huanzia shingoni kurudi nyuma. Kanuni hii ni nyepesi na ndiyo inayovunjwa zaidi, kwa kuwa mtu mwenye kopo mkononi hukumbuka jinsi mwenyewe alivyoogeshwa utotoni, maji ya kwanza utosini. Mpira wa maji ndio mbaya zaidi, hasa mikononi mwa mtoto aliyeahidi kuwa mwangalifu. Uso wa mbwa hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, huku sikio likiwa limelazwa na kufunikwa kwa kiganja. Mbwa wenye masikio ya kusimama, kama German Shepherd au wale Japanese Spitz weupe wanaopendwa Nairobi, hupitisha hewa vizuri, ila mdomo wa sikio umetazama nje na kopo likimwagwa hupata njia nyeupe. Masikio ya kulala ya Cocker Spaniel huyazuia maji kidogo, lakini yakishaingia huyafungia humo humo. Poodle ameongezewa nywele zinazoota ndani ya mfereji wenyewe. Mbwa wa kienyeji, yule ambaye hakuna anayemwulizia ukoo, hufaidika na masikio yake mafupi, na pia na ukweli kwamba ni nadra mtu kukumbuka kumwogesha.

Kuhusu sabuni hakuna mengi. Ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama ya binadamu, kwa hiyo shampuu ya mama mwenye nyumba haimfai, na sabuni ya unga haimfai kabisa. Dawa ya josho la ng'ombe imepimwa kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa anayechovywa humo kwa hesabu za kukisia anaweza kudhurika, na masikio si mahali pa kuijaribia. Kupe wa kwenye ukingo wa sikio, ambao mara nyingi hugunduliwa siku hiyo hiyo ya kuoga, hung'olewa kwa kibano, taratibu, kwa kushikwa karibu na ngozi. Mafuta ya taa hayahusiki. Kupe aliyezama ndani ya mfereji ni kazi ya daktari.

Kisha huja mtikisiko. Mnamo 2012 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wanyama waliolowa, kuanzia panya hadi dubu, na kuonyesha kwamba kadiri mnyama alivyo mdogo ndivyo anavyojitikisa kwa kasi: panya hufikia takriban mara 30 kwa sekunde, mbwa mkubwa kati ya mara nne na tano. Ambalo halikupimwa ni namna mbwa anavyochagua mahali. Mbwa aliyetoka karaini hajitikisi pale pale penye nafasi. Hutembea hatua chache, akaangalia kushoto na kulia, akapita penye majani makavu, akasimama kati ya kamba ya mashuka meupe na mgeni aliyevaa kwenda harusini. Hapo ndipo kichwa huanza kuzunguka, masikio yakapiga mashavu kwa sauti ya makofi, ngozi ya mabega ikafuata, mgongo ukafuata, na mwisho mkia ukamalizia kazi. Manyoya hupoteza sehemu kubwa ya maji kwa sekunde chache tu. Maji yaliyopita kona ya sikio hubaki yalipo, na mashuka hufuliwa upya.

Baada ya hapo pamba hutolewa. Jambo hili lisingehitaji kuandikwa kama lisingesahaulika mara kwa mara. Dalili zake hujulikana: mbwa haitiki akiitwa, hageuki geti likigongwa, na mwenye nyumba huanza kulalamika kwa majirani kwamba mbwa wa siku hizi hawana adabu. Kuna familia zinazotafuta mwalimu wa mbwa kabla ya kutazama sikioni.

Sikio hukaushwa kwa kitambaa laini au khanga kuukuu, upande wa ndani wa ukuti wake na mdomo wa mfereji, kadiri kidole kilichovikwa kitambaa kinavyofika bila kulazimishwa. Kwa mbwa mwenye historia ya matatizo, daktari wa mifugo huweza kupendekeza dawa ya maji ya kusafishia masikio, ambayo husaidia pia kuyakausha. Hutiwa ndani, kisha shina la sikio husuguliwa kwa nje hadi isikike sauti ya chwa-chwa, halafu mbwa huachwa ajitikise. Kinachotoka hufutwa. Mbwa wengine husinzia kabisa wakati wa kusuguliwa, na hiyo ndiyo dakika pekee ya amani katika shughuli nzima, kwani akiachiliwa atakwenda moja kwa moja kugaagaa kwenye majivu.

Hatari iliyobaki hutokana na bidii. Mtu aliyeona nta kidogo huchukua kijiti cha pamba, na kijiti huisukuma nta ile kwenye kona badala ya kuitoa. Mwingine hutia spiriti, ambayo juu ya ngozi yenye mchubuko huwasha kiasi cha mbwa kumkumbuka mtu huyo maisha yake yote. Jirani huja na mafuta ya nazi ya vuguvugu. Shemeji huja na matone yaliyobaki alipougua sikio mwaka juzi, na hayo ndiyo ya kuogopwa zaidi: kiwambo kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa, gentamisini ikiwamo, zinaweza kuharibu usikivu. Sikio lisilo na harufu wala wekundu halidai huduma yoyote zaidi ya kukaushwa.

Likiugua, hujitangaza. Mbwa hutikisa kichwa siku nzima bila kulowa, hukwaruza sikio hadi nywele zinyonyoke, huinamisha kichwa upande mmoja, na harufu ya uchachu humtangulia mlangoni. Nta hugeuka kahawia au hutoka usaha. Akizidi kujitikisa, mishipa midogo ndani ya ukuti wa sikio hupasuka, damu ikajaa kati ya ngozi na gegedu, na sikio likavimba kama andazi. Si kila kisa kinatokana na maji: mzio ndio chanzo cha visa vingi vinavyojirudia, na watoto wa mbwa hupata utitiri wa masikioni, Otodectes cynotis, hata kama hawajawahi kuona karai. Ndiyo maana daktari huchukua uchafu kidogo na kuutazama kwa hadubini kabla ya kuandika dawa, kwa kuwa dawa ya fangasi haiui bakteria wala ya bakteria haiui fangasi. Dozi humalizwa hata kama harufu imekwisha mapema. Ugonjwa ulioachwa njiani huufanya mfereji unenepe na kujifunga, na hapo hubaki upasuaji.

Mbwa anayelia akiguswa sikio asiogeshwe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, na apelekwe akiwa mkavu.