Namna ya Kuudanganya Uzee wa Giaboksi

Gari lako la otomatiki limeanza kuruka. Si kila siku, na wala si mbele ya fundi. Linatoka Mbezi hadi Ubungo likiwa limetulia kabisa, halafu foleni ikisogea linasita, kisha linarukia mbele na vichwa vya abiria vinayumba. Unawaambia barabara ni mbovu. Nao wanaiona lami ilivyonyooka. Sogea karibu, ndugu yangu. Uzee wa gari huwezi kuushinda, lakini unadanganyika, tena kwa pesa ndogo.

1. Nunua daftari la shule. Hakuna mtu anayependa kuonekana hajui mbele ya fundi, na kuikariri lugha ya gereji kunachosha. Andika tu. Kila gari linaporuka, weka kumbukumbu: injini ilikuwa ya baridi au imeshapata moto? Mwendo gani? Tambarare, mlima au kona? Ulikuwa unakanyaga mafuta au unaachia? Siku utakayosema, "Linatetemeka likishapata moto, kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, nikikanyaga kidogo," fundi atakuita bosi na atasahau ile hadithi aliyokuandalia. Tena utakuwa umemsaidia kweli, maana ugonjwa wa kuja na kuondoka hautibiki bila kujua unakuja saa ngapi.

2. Isingizie injini kwanza. Ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote. Injini inayomisi huruka vilevile kama giaboksi mbovu: plagi zilizochoka, koili moja inayokata ikipata joto, throto iliyojaa uchafu. Raba ya kushikilia injini ikikatika, utasikia kishindo kila ukiweka D. Vyote hivyo ni rahisi kuliko kushusha giaboksi, kwa hiyo anza navyo. Gari lipimwe kwa kompyuta hata kama taa haijawaka. Ukionyeshwa namba P0700, usitoe pesa bado. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imerekodi hitilafu. Ugonjwa wenyewe umeandikwa kwenye namba nyingine iliyo pamoja nayo. Dai hiyo.

3. Pima oili mwenyewe. Fanya alfajiri ukitaka, majirani wakiwa wamelala, maana wakikuona wataleta ushauri. Kwa Toyota nyingi za zamani zenye kijiti cha kupimia, endesha kwanza mpaka giaboksi ipate moto. Egesha tambarare, injini ikiwa inawaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole kutoka P hadi L, rudisha P. Chomoa kijiti, kifute, kichomeke hadi mwisho, chomoa tena, soma kwenye alama za HOT. Honda nyingi hupimwa kinyume: unazima injini kwanza, kisha unapima upesi. Kitabu cha gari kitakuambia lako ni la upande gani. Kama halina kijiti, kazi hiyo hufanyika chini ya gari kwa kuangalia joto la oili. Hapo mwachie fundi.

Oili ikiwa pungufu, umeshampata mshukiwa mkuu. Kwenye kona, breki au mlima, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Presha inashuka, klachi za ndani zinateleza, halafu presha ikirudi zinashika kwa nguvu. Basi gari linaruka. Barabara ikinyooka, oili inarudi mahali pake, na gari linakuwa zima kabisa mbele ya fundi. Ongeza kidogo kidogo, kisha tafuta inapovujia, kwa sababu oili ya giaboksi haipungui kwa kuungua kama ya injini. Angalia sili za ekseli, gasketi ya sinia la chini na mabomba yanayokwenda kwenye rejeta.

Nusa pia. Nyekundu ni nzuri, kahawia imechoka, nyeusi yenye harufu ya kuungua inakuambia klachi zinalika. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Usiwashe gari tena, libebwe.

4. Badilisha nusu nusu. Ukifungua bolti ya chini, sehemu kubwa ya oili inabaki ndani ya toki (torque converter). Tuseme giaboksi yako inabeba lita 7 na zinatoka lita 3.5: umebadilisha nusu tu. Endesha wiki moja, rudia, kisha rudia tena. Oili mpya itafikia karibu asilimia 87. Pima ulichomwaga, rudisha kiasi hichohicho. Mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo mmoja siipendi kabisa kwa giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi, maana inaweza kusogeza takataka hadi kwenye vijia vyembamba vya valvu. Aina ya oili isikupite: Toyota inayotaka T-IV ipewe T-IV, inayotaka WS ipewe WS, na giaboksi ya CVT ina oili yake ya peke yake. Ile haidroliki nyekundu ya kwenye dumu lisilo na jina, mwachie muuzaji.

5. Ukishuka mlima kama Kitonga, usiweke N ukidhani unaokoa mafuta. Injini ya sindano gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeachia hukata mafuta yenyewe. Ukiwa N inaendelea kunywa, na breki zinabeba mzigo wote. Shuka na 2 au L.

6. Shindwa kwa heshima. Kama oili ni safi, iko kwenye kipimo, na bado R inachelewa kushika huku sinia limejaa vipande vya chuma, acha kununua dawa za chupa. Tafuta giaboksi ya mtumba yenye msimbo uleule ulio kwenye kibati cha gari lako. Nusa oili yake kabla ya kulipa, na upewe dhamana iliyoandikwa. Kabla haijafungwa, simama hapo gereji uhakikishe mabomba ya kupozea yamesafishwa, maana vyuma vya giaboksi ya zamani vimelala humo vikiisubiri mpya.