Muhadhara Mkuu Kuhusu Kasha la Chipsi na Sura ya Binadamu

Mwangaluka, wana Unyanyembe! Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu mliowahi viti vya mbele, mama zangu wa mapishi, vijana wa bodaboda mliosimama huko nyuma bila kuzima injini, itifaki imezingatiwa. Kwa wasionifahamu, na nasikitika kuona bado wapo, mimi ndiye Bingwa, Mtafiti na Mwasisi wa Chapa ya Kasha la Chipsi katika Tanzania Magharibi yote, kuanzia Igunga mpaka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Cheo hiki sikupewa na mtu. Waliostahili kunipa walichelewa, nikaona nisiwasumbue.

Nimepewa dakika kumi. Nitasema mpaka kivuli cha mwembe huu kituhame.

Tuanze na historia, maana bingwa asiyeanza na historia watu humdhania fundi tu. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kaze, yaani hapa hapa mlipokaa, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutembea kutoka pwani. Walipokewa na Waarabu, wakala, wakalala, wakaugua. Mwaka 1860 Burton akatoa kitabu London, na ndani yake mna picha za watu wa njia ya misafara, hata mitindo ya nywele za Wanyamwezi. Msidhani zilipigwa kwa kamera. Mchongaji aliketi London mbele ya kipande cha mti mgumu, mbele yake mchoro wa mkono, akakata kwa patasi uso wa Mnyamwezi ambaye hakupata kumwona wala kumsalimia. Kisha wino, kisha karatasi, kisha dunia nzima ikaambiwa: hawa ndio watu wa Unyamwezi. Stanley naye, aliyeagana na Livingstone kule Kwihara mwezi Machi 1872, alitoa kitabu chake mwaka huo huo, na picha zake zilipita mikono ya namna hiyo hiyo.

Wala si jambo geni. Mjerumani Albrecht Dürer alitoa chapa ya kifaru mwaka 1515 bila kumwona kifaru. Akamvisha deraya mwili mzima na kumwotesha kijipembe cha ziada mgongoni, na Ulaya ikamwamini kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kwa hiyo asinyanyuke mtu hapa kuniuliza kwa nini Mtemi Mirambo wangu anafanana na konda wa basi la Urambo. Mirambo alifariki mwaka 1884. Konda yupo, anapatikana, na alikubali kutulia dakika tano.

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe. Wenzangu katika fani walitumia vitu vya gharama. Pablo Picasso alichapa kwa linoleamu, ile ya kutandika sakafuni. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, Robino Ntila alichapa kwa bamba la madini lililoliwa na tindikali. Nawaheshimu wote wawili. Lakini bamba la madini halina kachumbari. Mimi nakula kwanza, kisha nachapa, na hapo ndipo uchumi na sanaa vinapokutana.

Chukua kasha la chipsi, lile jeupe la povu gumu linalolia ukilibonyeza. Lioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, kwa sababu wino wa maji na mafuta ya chipsi hawajapatana tangu kuumbwa kwa dunia. Kata kingo zote, ubaki na kifuniko kilicho bapa: hicho ndicho kibao chako. Hakihitaji patasi. Mninga utakutoa jasho siku nzima. Povu hili unalikandamiza tu kwa peni iliyoisha wino, nalo linabonyea na kubaki hivyo. Kandamiza kwa adabu. Ukikwaruza kwa hasira litachanika, na mtu uliyemchora ataonekana ametoka kwenye ajali.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wote hushindwa. Wote wawili. Mstari ulioubonyeza haupati wino. Rola inapita juu yake, nao unabaki mweupe. Kwa hiyo ukichora uso kama ulivyofundishwa shuleni, macho duara, pua mstari, mdomo mstari, utapata mzimu: mistari myeupe juu ya giza. Mkaidi atasema njia hii haifai. Mimi nasema inatufaa sisi kuliko yeyote. Ngozi ya Mnyamwezi usiiguse! Iache ipokee wino wote. Bonyeza mahali ambapo jua limetua: ncha ya pua, mfupa wa shavu, nukta moja ndani ya jicho, ukingo wa mdomo wa chini. Huchori uso, unachora mwanga, na uso unajitokeza wenyewe kutoka kwenye weusi. Yule aliyemchorea mchongaji wa London alianza na karatasi nyeupe, akarundika mistari myeusi juu ya mingine ili kututia rangi. Alifanya kazi bure mzee wa watu.

Makofi hayakatazwi.

Sasa wino. Wa dukani una bei, na kiangazi cha Tabora huukausha kwenye kioo kabla hujatafuta karatasi. Nikarudi kwenye hazina ya mkoa. Masizi ya sufuria, yaliyosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa cha amerikani, gundi ya mti, na asali. Naam, asali! Mkoa mzima unajisifu kwa asali ya miombo, na hakuna aliyefikiri kuitia kwenye wino. Asali hushika unyevu, wino haukauki haraka, rola inateleza vizuri. Wachora rangi za maji wa Ulaya wanalijua hili tangu zamani, lakini hawana asali ya Sikonge. Kuhusu taarifa kwamba sisimizi walikula sikio la kushoto la Mheshimiwa Mwenyekiti usiku ule nilipomwanika, napenda kufafanua kwamba huo ulikuwa ushirikishwaji wa viumbe katika sanaa, nao ulipangwa.

Mheshimiwa, nakuomba ukae. Suala la chunjua nalifikia.

Paka wino kwenye kioo cha dirisha, uviringishe kwa rola ndogo ya wapaka nyumba rangi, mpaka usikie unanong'ona. Ukisikia unapiga kelele umezidisha, na wino uliozidi hujaza mifereji yote. Ndiyo maana yule mama lishe wa stesheni ametoka amefumba macho. Hakulala. Ni wino. Pitisha rola juu ya kibao, ulalishe juu yake karatasi ya manila au kitambaa, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni. Usisugue kwa nguvu. Povu hujibana kila unapochapa, mistari inaanza kujifunga, kwa hiyo nakala ya kwanza hutoka kijana na za mwisho hutoka mtu mzima aliyechoka. Wengine huuita huu udhaifu wa kibao. Mimi natoza zaidi kwa nakala za mwisho: mteja anapata na uzee wake humo humo.

Kuna wanaouliza juu ya sura ya Mwalimu Nyerere. Nilikusudia kumchapa kwa heshima, yeye aliyesoma Tabora na kurudi kufundisha St. Mary's. Nikaweka mbele yangu noti ya 1,000, nikafuata mistari yake, kazi ya siku nyingi. Kisha msaidizi akasafisha kibao kwa petroli. Povu hili na petroli, ndugu zangu, havikai chumba kimoja: linayeyuka mbele ya macho yako na kuwa ute. Ute huo nimeuhifadhi. Ni mwanzo wa Awamu ya Myeyuko, na makumbusho yoyote yenye fungu inaweza kuwasiliana nami. Noti haipo, msaidizi pia.

Haya, chunjua. Mwenyekiti ana chunjua shavu la kulia. Kwenye chapa liko kushoto. Mama wa nyumbani kwake aliikataa picha na kuuliza huyo ni mume wa nani. Huyu mzee wa mihuri aliyekaa pale karibu na shina, ambaye kwa miaka mingi amekata majina ya maofisi kwenye mpira kwa wembe, akaropoka mbele za watu kwamba kila chapa hugeuka, kulia huwa kushoto, na kwamba hata mtoto anayekata ndala kutengeneza muhuri analijua hilo: unageuza mchoro kabla hujaubonyeza. Namshukuru mzee wangu kwa mchango wake mdogo. Mimi sikugeuza kwa makusudi. Mwenyekiti hujiona kwenye kioo kila asubuhi, na kwenye kioo chunjua liko upande ule ule wa karatasi yangu. Nimemchapa anavyojijua yeye, si anavyojulikana na mkewe. Hiyo ni falsafa, na falsafa hairudishiwi fedha.

Tena niseme jambo ambalo hamtalisikia kwa wenye vyeti. Mnyamwezi aliyechorwa enzi za Burton hakuwa na pa kwenda kulalamika. Kutoka hapa mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na London iko mbele huko. Mkichukia picha zangu mnakuja mlangoni kabla ya jua kuchomoza, na wake zenu, na mashahidi, mnataka sikio, mnataka macho yafumbuliwe. Ninyi ni watu wa kwanza wa njia hii ya misafara kumsumbua mchongaji wenu. Na nyuso zenu, kwa kusumbuliwa huko, zinaanza kufanana nanyi, ingawa sijaombwa kukiri hivyo.

Picha ni shilingi 5,000, kasha lako. Ukija na la kwangu pia, chipsi ziwemo. Maswali nitayapokea kwa maandishi tu, na ili mzee wa mihuri aridhike, yaandikwe kinyume.